Uso wa Baba kwa Wino Mweusi

Baba alikufa Jumatatu, na kufikia Jumatano ukoo mzima ulikuwa umeshagombana kuhusu uso wake.

Aliyeanza ni mamangu, ambaye nyumbani tunamwita Mwaitu kama Wakamba wengi wanavyomwita mama. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba yetu ya Kajiado, akichagua mawe kwenye maharagwe ya kupikia waombolezaji, na bila kuinua macho akatangaza kwamba siku ya mazishi sanduku halitafunguliwa. Watu wangepita mbele ya picha, waage picha, basi. Kisha akasimama kaka yake baba, baba yangu mkubwa, ambaye alikuwa amefika asubuhi hiyo kutoka Illasit na gunia la vitunguu vya shamba lake.

"Shemeji, kwetu mtu anaagwa uso kwa uso," alisema. "Sanduku ikifungwa, watu watasema iko kitu tunaficha. Na wewe unajua, mficha maradhi kifo humuumbua."

Mimi nilikuwa nikipitisha chai. Nusura nimmwagie. Baba alizoea kusema hasira yangu ni maziwa jikoni, ukigeuka tu yamefurika, na siku hiyo hakuwepo wa kunipunguzia moto.

Maradhi yenyewe hayakuwa siri. Ini lake lilikuwa limekufa kabla yake. Yalianza macho kuwa ya manjano, yakafuata viganja, mwisho mwili mzima, na katika wiki za mwisho ile manjano ikaelekea kijani, kama ubavu uliopigwa unapoanza kupona. Mwaitu ndiye aliyekuwa akimpangusa uso huo kila siku hospitalini. Alijua alichokuwa akikikataa.

"Sitaki ule ugonjwa ndio uagwe," alisema. "Nataka aagwe yeye."

Baba mkubwa alivua kofia yake ya shambani, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Sawa. Nitaona hiyo picha kwanza. Ikiwa ni yeye, sitasema kitu. Ikiwa si yeye, tunafungua."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Jirani yetu mzee wa Kimaasai, ambaye tangu msiba uanze hakutamka jina la baba hata mara moja, kwa sababu kwao jina la marehemu huachwa lipumzike, alitazama pembeni. Nadhani alituona watu wa ajabu. Mwaitu akanigeukia mimi.

"Wewe si ndiye fundi wa picha? Nitengenezee babako."

Ni kweli, hiyo ndiyo kazi yangu. Nina studio ndogo Kitengela, orofa ya kwanza, karibu na barabara ya Namanga. Natoa picha za pasipoti, za mahafali, za harusi, lakini ninachojivunia ni picha kubwa za rangi nyeusi na nyeupe, zile za kuning'iniza sebuleni. Watu hutoka mpaka Kiserian kuja kuzitafuta. Na kinyozi hajinyoi. Picha za baba nilizokuwa nazo zilikuwa za mkono wake ukiziba kamera. Ukimlenga tu, alikuwa akiinua kiganja na kusema, "Piga ng'ombe, hao hawana haya."

Ilikuwepo moja tu nzuri. Ilipigwa kwenye harusi ya binamu yangu kule Nkoroi, baba amelegeza tai, anacheka na mtu ambaye hayumo kwenye picha. Niliifungua kwenye kompyuta Alhamisi asubuhi, nikaikuza mpaka macho yakajaa kioo, na hapo moyo ukanishuka. Weupe wa macho ulikuwa umeshaanza kuwa wa manjano. Siku ile ya harusi hakuna aliyeona, sote tulikuwa tunacheza.

Basi nikaiondoa rangi yote. Hilo ni jambo la kubofya mara moja. Manjano ikatoweka, akabaki baba mweusi na mweupe, mzima wa afya, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu nilivuta pumzi mpaka chini.

Ningeishia hapo. Sikuishia, kwa sababu niko na sifa zangu. Picha nyeusi na nyeupe ikitoka kavu kavu huwa baridi, uso unakaa kama wa mtu aliyepigwa na upepo wa Julai. Kwa hiyo sisi wa kazi hii huitia joto, kahawia kidogo sana, mtu asiijue ila aihisi. Zamani hizo zilikuwa shughuli za dawa na chumba cha giza. Siku hizi printa ya wino hufanya kwa kuchanganya: chini ya ule mweusi inanyunyiza matone madogo ya bluu, waridi na manjano, na matone hayo yakilingana sawasawa, jicho linaona kahawia. Wateja wangu wanaiita "ile ya chai". Hakuna mwingine Kitengela anayeipata kama mimi, na sikuona sababu ya kumnyima baba yangu kile ninachowapa watu wa harusi.

Nilifunga madirisha na kuvuta pazia, kwa sababu malori ya saruji hayaishi na wino mbichi unapenda vumbi. Nikawasha taa. Picha ikatoka taratibu, na chini ya taa ile baba alikuwa hai. Nililia nikimtia kwenye fremu.

Ijumaa asubuhi nikaipeleka nyumbani, nimeifunga kwa leso. Nilipofika langoni nikaifungua nipanguse kioo kabla ya kuingia, jua la Kajiado likaiangukia, na baba akawa kijani.

Sisemi kijani cha kubahatisha. Kilikuwa kile kile. Mashavuni, chini ya macho, kwenye mikunjo ya shingo, ile ile rangi ya wodini. Matone yaliyolingana chini ya taa ya studio hayakulingana chini ya jua. Jambo hili nalijua, nawaambia wateja kila siku: niambie kwanza utaitundika wapi, dirishani au chini ya balbu? Sikujiuliza mwenyewe kwamba hii ingekaa nje, mchana kweupe, kwenye kiwanja kisicho na mti wa maana. Nilikuwa nimemwondolea manjano kwa kubofya mara moja, halafu nikamrudishia kwa mkono wangu.

"Imefika?" Baba mkubwa aliuliza kutoka kwenye hema walikokuwa wakifunga kamba.

"Kioo kimepata ufa," nikamwambia, huku nafunga leso. "Narudi kubadilisha."

"Ni kioo tu? Lete nione karatasi."

Alikuwa ameanza kuja. Anatembea kama mkulima, haendi haraka lakini hasimami. Miguu yangu haikusogea. Mwaitu ndiye aliyetokea jikoni na kikombe, akasimama katikati yetu.

"Shemeji, chai yako inapoa," alimwambia. Kisha, mgongo wake ukiwa kwa baba mkubwa, alinitazama. Alikuwa ameiona picha. Sijui ni wakati gani, lakini nilijua kwa jinsi mdomo wake ulivyokazika.

"Rudi," alinong'ona. "Rudi saa hii."

Mwili ulikuwa utoke mochari Jumamosi alfajiri. Nilirudi Kitengela nikimlaani baba mkubwa njia nzima. Nilimwona mtu wa kijijini mwenye roho ngumu anayetaka tamasha, anayetaka watu wapange foleni wakatazame maiti ili wakahadithie Illasit. Nilikuwa namchukia kwa moyo wangu wote.

Studioni nikaanza kupunguza manjano. Nikatoa picha, nikashuka nayo ngazi mpaka nje, jua likaigusa, baba akawa zambarau kama mlevi. Nikapanda, nikapunguza waridi, nikashuka: kijani tena, hafifu lakini kipo. Nikapanda tena. Vijana wa bodaboda wanaoegesha pale chini walianza kuhesabu safari zangu.

"Madam," mmoja akaniita, "huyo mzee leo amebadilisha color ngapi?"

Nilimjibu neno ambalo sitaliandika. Akainua mikono, wenzake wakacheka, halafu wakaona uso wangu, wakaacha.

Niliporudi juu, printa ikaanza kutoa mistari myeupe. Vitundu vya wino wa waridi vilikuwa vimeziba. Niliisafisha jinsi inavyosafishwa, na kila inaposafishwa inameza wino, na waridi ukazidi kukauka mpaka ukakataa kabisa. Bila waridi hakuna kahawia. Jua lilikuwa limeshainama upande wa Ngong. Nilikaa sakafuni, mgongo kwenye meza, nikamwona akilini baba mkubwa kesho yake akifungua sanduku.

Kilichonijia hapo hakikuwa wazo jipya. Kilikuwa wazo nililolidharau miaka yote. Zima rangi zote. Chapisha kwa wino mweusi peke yake. Mweusi hauna wa kulingana nao, kwa hiyo hauna wa kuusaliti, uwe juani au kivulini. Lakini ile printa yangu ikipewa mweusi tu, inatoa punje punje, kama mchanga umemwagwa shavuni, na nilikuwa nimezoea kusema hiyo ni kazi ya kuchapisha risiti. Na karatasi yangu ya kung'aa haiupokei wino huo ukiwa peke yake, unasimama juu kama maji kwenye mfuko wa nailoni.

Kabatini nilikuwa nimebakiza karatasi chache nene za pamba, za kadi za harusi, zenye weupe wa maziwa ya ng'ombe. Nikaona joto linaweza kutoka kwenye karatasi badala ya wino. Nikatia moja, nikaamuru. Paji la uso likashuka. Nyusi zikashuka. Macho yalipokuwa yanaanza, stima ikapotea.

Mtaa mzima ulitoa ile sauti ya watu wanaokatizwa. Printa ilinyamaza na karatasi mdomoni, baba ameonekana mpaka nusu ya macho. Niliisubiri stima nikiwa nimesimama. Mwanga dirishani ulikuwa unapungua, na niliuhitaji mwanga huo, kwa sababu picha isiyopimwa juani ningewezaje kuipeleka tena? Chini yangu jenereta ya kinyozi ikaanza kunguruma. Niliichomoa printa, nikaikumbatia na kompyuta juu yake, nikashuka ngazi kwa ubavu.

Kinyozi alikuwa na kichwa cha mteja nusu kimenyolewa, nusu bado, na benchi limejaa wanaume wanaotazama mpira.

"Naomba uniwekee hii," nikasema.

"Madam, jenereta yangu inabeba mashine na TV tu. Ukiongeza hiyo itazima yote."

"Basi zima TV."

Benchi likanung'unika. "Aah, madam, tuko dakika za mwisho," mmoja alisema.

"Ni babangu," nikamwambia. "Anazikwa kesho, na hii ndiyo sura yake."

Kinyozi alizima TV bila kuuliza mtu. Kisha akazima mashine yake pia. "Nywele zitaruka ziingie kwa wino," alisema, akachukua brashi akapangusa meza. Yule mteja akabaki amekaa na kichwa chake cha nusu, kitambaa shingoni, akitazama kama sisi wengine.

Nilitia karatasi mpya. Kichwa cha printa kilienda na kurudi, kikaenda na kurudi, kila mara kinateremsha baba kwa upana wa unyasi. Jenereta ilikohoa mara moja, na naapa benchi zima lilishika pumzi. Ikaendelea. Yakaja macho, ikaja pua, ukaja mdomo uliofunguka kwa kicheko. Mwisho ikaja tai.

Nikaishika pembeni kwa ncha za vidole, nikatoka nje mbio. Jua lilikuwa bado lipo juu ya mabati ya upande wa pili. Nikaiinua kwenye jua. Nikaiweka kivulini mwa ukuta. Nikawasha tochi ya simu. Haikubadilika. Zile punje zilikuwepo, mashavuni na kidevuni, lakini zilikaa kama ndevu alizokuwa akiziacha zikue kila mwisho wa wiki kwa uvivu wa kunyoa. Sikuwahi kuzitaka ndevu zile kwenye picha yoyote, na sasa nilizitazama moja moja.

Kinyozi alikuwa amenifuata. "Mzee amekaa poa," alisema. "Anakaa kama mtu wa stori."

Jumamosi gari la mochari lilifika mapema, sanduku likawekwa sebuleni, madirisha yakiwa na mapazia. Nje, chini ya hema, Mwaitu alitandika meza kwa kitambaa cheupe, nami nikaweka picha. Watu wengi walikuwa bado njiani. Baba mkubwa alikuja akiwa amevaa koti la suti na kofia ile ile ya shambani. Sikumwamkia. Nilisimama karibu na meza kama askari wa benki.

Hakuitazama pale pale. Aliichukua mezani, akatoka nayo nje ya hema mpaka juani, akaiinua.

"Jana ulinificha kitu," alisema bila kunigeukia.

"Ndiyo."

"Na hii?"

"Hii ndiyo yeye."

Aliileta karibu na macho, akaisogeza mbali. Alipitisha kidole gumba kwenye kioo, hapo kidevuni. Mwaitu alikuwa amesimama mlangoni na mikono ndani ya khanga. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumrushia, makali, ya kumkumbusha kwamba yeye hakuwepo hospitalini.

"Ni yeye," baba mkubwa akasema. "Shemeji, nilisema sitasema kitu. Sisemi."

Tulikuwa tumeshinda. Nilingoja furaha, na ikaja kidogo, lakini yeye hakuirudisha picha mezani. Aliishika kifuani kwa mikono yote miwili kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe.

"Nilikuja hospitali," alisema. Alikuwa anaongea na Mwaitu, lakini chini chini. "Wewe ulikuwa umeenda kutafuta dawa. Akaniona kutoka mlango. Akavuta blanketi, akajifunika uso. Nikamwambia, ni mimi. Akashika blanketi na mikono yote. Basi nikakaa hapo nikaongea na blanketi mpaka wakafukuza wageni. Niliambia blanketi habari ya vitunguu."

Mwaitu alitoa mikono kwenye khanga. Hakuwa anajua. Niliona kwamba hakuwa anajua.

"Hukuniambia," alisema.

"Ningesema nini, shemeji?"

Nilikuwa bado na yale maneno yangu mdomoni, na nikayameza moja moja, na yalikuwa machungu. Mwaitu alitazama barabara, hakukuwa na gari linalokuja. Akanitazama mimi.

"Mpeleke ndani," alisema. "Wewe na yeye tu. Watu bado."

Sebuleni kulikuwa na giza la mapazia. Nilifungua kile kidirisha cha juu cha sanduku kwa mkono wangu. Watu wa mochari walikuwa wamempaka poda, wamejitahidi, lakini rangi ilikuwa chini yake pale pale. Nilitazama kwa sababu singeweza kutotazama. Baba mkubwa hakurudi nyuma. Alivua kofia, akainama, akaanza kuongea kwa Kikamba, taratibu, kama mtu anayemalizia habari iliyokatizwa. Nilienda nikasimama karibu na mlango nisisikie. Kisha nikasikia kidirisha kikifungwa. Alikuwa amekifunga mwenyewe, na alikuwa bado amekibana kwa kiganja, kama anahofia kitafunguka.

Tulipotoka wazee wa ukoo walikuwa wameshafika, wamesimama mbele ya picha. Mmoja wao, mwenye fimbo, alituona tukitoka ndani, akamwuliza baba mkubwa kwa sauti ya watu wote kusikia.

"Sasa tunafungua ama hatufungui?"

Baba mkubwa alivaa kofia yake.

"Hakuna haja," alisema. "Mimi nimemuona. Uso wake unakaa tu vile unakaa kwa hiyo picha."

Alisema hivyo akimtazama Mwaitu machoni, na wazee wakaenda kupanga viti.